Lini Data ya Faili Hufika Diskini

Kila mfumo endeshi, yaani programu kuu inayosimamia kompyuta na kuzitumikia programu nyingine zote, hutoa ahadi kuhusu faili zinazokabidhiwa kwake, lakini ahadi hiyo si ile ambayo watumiaji wengi huidhania. Programu inapoomba data iandikwe kwenye faili na kujibiwa kwamba ombi limefaulu, jibu hilo kwa kawaida lina maana kwamba data imepokewa na kuwekwa katika kumbukumbu ya muda, ile sehemu ya kompyuta ambayo hupoteza kila kitu pindi umeme unapokatika. Kufika diskini ni hatua nyingine, hutokea baadaye, na programu haiwezi kuitegemea isipokuwa imeiomba waziwazi. Namna mifumo endeshi inavyoieleza ahadi hii katika hati zake rasmi, na namna hati hizo zilivyoacha mapengo kwa miaka mingi, ni jambo linaloonekana kuwa la wataalamu peke yao, ilhali linawagusa watu wote ambao haki yao imo katika kumbukumbu za kompyuta, wakiwemo wakulima wa majani chai na kahawa wanaoishi kandokando ya Kianyaga.

Kianyaga ni mji mdogo wa Gichugu, upande wa mashariki wa Kaunti ya Kirinyaga, kwenye miteremko ya kusini ya Mlima Kenya. Sehemu za juu za eneo hilo ni mashamba ya majani chai yanayohudumiwa na viwanda kama Kimunye na Thumaita, na sehemu za chini yake ni kahawa ya vyama vya ushirika kama vile Baragwi na Rung'eto. Uchumi wa eneo zima umejengwa juu ya kumbukumbu ya kilo: majani chai hupimwa kwa mizani za elektroniki, na uzani huo ndio msingi wa malipo ya kila mwezi na wa bonasi inayolipwa baada ya mwaka wa fedha kufungwa mwezi Juni; kahawa nayo huandikwa siku inapofikishwa kiwandani, kisha mkulima husubiri miezi kadhaa kabla ya kulipwa kwa kilo hizo. Kumbukumbu iliyoandikwa leo yapaswa kuwapo hadi siku ya malipo, na baina ya siku hizo mbili stima itapotea mara nyingi.

Kupotea kwa stima si jambo la kukisia. Mnamo tarehe 7 Juni 2016 tumbili alipanda juu ya paa la kituo cha kuzalisha umeme cha Gitaru, kwenye Mto Tana, akaangukia transfoma. Transfoma hiyo ilijizima, mitambo mingine ikaelemewa, zaidi ya megawati 180 zikapotea, na nchi nzima ikakosa umeme kwa saa kadhaa. Maji ya Mto Thiba, ambayo huanzia Mlima Kenya na kupita Kirinyaga, huingia katika bwawa la Kamburu lililo juu tu ya Gitaru, kwa hiyo maji ya wakulima hao hao huwa yamesaidia kuendesha mitambo iliyozimika siku ile. Tarehe 25 Agosti 2023 sehemu kubwa ya Kenya iliingia gizani tena usiku. Katika matukio ya namna hiyo, na katika yale madogo ya mvua na upepo yasiyotangazwa popote, kila kompyuta isiyo na betri huzimika palepale ilipokuwa, hata kama ilikuwa katikati ya kuandika.

Sababu ya mfumo endeshi kutopeleka data diskini mara moja ni tofauti ya kasi. Kusoma au kuandika katika kumbukumbu ya muda huchukua takriban nanosekunde 100, ambapo diski ya sumaku yenye sahani inayozunguka huhitaji takriban milisekunde 10 ili kukifikisha kichwa chake mahali panapotakiwa, yaani muda ulio mrefu zaidi kwa kiasi cha mara laki moja. Hata diski za kisasa zisizo na sehemu inayozunguka, ambazo ni za haraka zaidi, bado ziko nyuma sana ya kumbukumbu. Kama kila herufi ingesubiri diski, kompyuta isingetumika kwa raha, na kwa hiyo kiini cha mfumo endeshi, yaani sehemu yake ya ndani kabisa inayozungumza na vifaa, huzipokea data na kuziweka katika akiba ya kurasa, ambayo ni eneo la kumbukumbu lililotengwa kwa ajili ya faili, kisha huziandika diskini kwa mafungu pale nafasi inapopatikana. Ukurasa uliobadilishwa katika kumbukumbu lakini haujafika diskini huitwa ukurasa mchafu. Karani wa kituo cha majani chai ambaye, foleni ikiwa ndefu, huandika uzani kwenye karatasi akikusudia kuunakili katika leja jioni, anafanya kazi kwa busara hiyo hiyo na kwa hatari hiyo hiyo: mkulima ameshaambiwa kilo zake zimeandikwa, na ni kweli zimeandikwa, ila leja bado haijui.

Muda wa hatari hiyo unajulikana. Katika Linux, mfumo endeshi unaoendesha seva nyingi duniani na ambao kiini chake kimo ndani ya kila simu ya Android, mpangilio wa kawaida huamsha kazi ya kuandika kurasa chafu kila baada ya sekunde 5, na ukurasa huhesabiwa kuwa umekaa muda wa kutosha kuandikwa ukishatimiza sekunde 30. Nusu dakika yaonekana kuwa ndogo, lakini katika nusu dakika ofisi yenye shughuli nyingi huweza kupokea rekodi nyingi, na kila mwenye rekodi akaondoka akiamini kwamba mambo yake yamekwisha.

Kwa programu isiyoweza kuvumilia hatari hiyo, mifumo ya jamii ya Unix, ikiwemo Linux, hutoa ombi maalumu liitwalo fsync, ambalo hukiagiza kiini kiandike diskini kurasa zote chafu za faili fulani pamoja na maelezo yake, kama vile ukubwa na mahali ilipo, na kisha kisirudishe jibu mpaka kazi ikamilike. Windows ina ombi linalofanana nalo, FlushFileBuffers. Hapa ndipo hati za maelezo zinapoanza kuwa na uzito wa mkataba, kwa maana mwandishi wa programu hawezi kuona kinachotendeka ndani ya kiini, na uthibitisho wake wa kwanza ni yale yaliyoandikwa kwenye ukurasa wa mwongozo. Kurasa za mwongozo za Linux, ambazo Michael Kerrisk alianza kuzisimamia mwaka 2004, husema mambo ambayo watu wengi hawayatarajii: kwamba kufaulu kwa ombi la kuandika hakutoi hakikisho lolote la data kufika diskini, kwamba hata kufunga faili bila kosa hakutoi hakikisho hilo, na kwamba fsync kwa faili mpya haihakikishi kuwa jina la faili hiyo limeandikwa katika saraka, yaani orodha ya majina ya faili, mpaka saraka yenyewe nayo iombewe fsync. Onyo hili la mwisho ni zito kuliko linavyoonekana, kwa kuwa data iliyo salama diskini bila jina la kuifikia ni data ambayo mwenyewe hawezi kuipata.

Kiwango cha kimataifa cha mifumo ya jamii ya Unix, kijulikanacho kama POSIX, chenyewe hakimalizi suala. Katika maelezo yake kiwango hicho kinakiri kwamba mfumo usiotangaza kuunga mkono uandishi unaosubiri data ifike diskini waweza kuwa na fsync isiyofanya kitu chochote, na kwamba mtumiaji atategemea hati za mfumo huo kujua atarajie nini. Kwa maneno mengine, waliotunga kiwango waliisukuma dhamana kwa waandishi wa hati. Mahali ambapo hati zilikuwa wazi, programu zilijengwa vizuri. Mahali ambapo hati zilinyamaza, kila mtu alijaza pengo kwa dhana yake. Mfano mmoja watosha: Linux ilikuwa na njia ya kufungua faili iitwayo O_SYNC, ambayo kwa mujibu wa kiwango ilipaswa kusubiri data pamoja na maelezo yote ya faili, lakini hadi toleo la 2.6.33 lililotoka mwaka 2010 njia hiyo ilitekeleza sehemu tu ya ahadi hiyo, ile inayohusu data na maelezo machache yanayohitajika ili kuisoma. Baadaye kurasa za mwongozo ziliandika wazi historia hiyo pamoja na nambari ya toleo, jambo linalostahili heshima, kwa sababu mwongozo unaokubali kwamba jana mambo yalikuwa tofauti humwezesha msomaji kujua kompyuta yake ya zamani ilifanya nini.

Chini ya mfumo endeshi kuna diski yenyewe, na diski nayo ina kumbukumbu yake ndogo ya muda ambamo hupokea data kabla ya kuziweka mahali pa kudumu. Ili ahadi itimie, mfumo endeshi lazima uiagize diski imwage kumbukumbu hiyo. Linux hufanya hivyo kwa fsync katika mifumo ya faili inayotumika sana, yaani sehemu za mfumo endeshi zinazopanga faili diskini. Apple ilichagua njia nyingine: katika mfumo wake wa Mac, fsync huzifikisha data kwenye diski bila kuilazimisha diski imwage kumbukumbu yake, na programu inayotaka hakikisho kamili hutakiwa kutumia ombi lingine, F_FULLFSYNC. Uamuzi huo umeandikwa wazi katika hati za Apple, na kwa hiyo hauwezi kuitwa udanganyifu, ingawa mtu aliyehamisha programu kutoka Linux bila kusoma hati atakuwa amepoteza kinga bila kujua. Zaidi ya hapo, vipo vifaa visivyotimiza vinachoagizwa. Utafiti wa watafiti wa Chuo Kikuu cha Ohio State na maabara za HP, uliotolewa mwaka 2013, ulijaribu diski 15 zisizo na sehemu inayozunguka kwa kuzikatia umeme ghafla, na 13 kati yake zikaonyesha hitilafu. Diski zinazotengenezwa kwa ajili ya seva mara nyingi huwekwa kapasita, yaani vihifadhi vidogo vya chaji vinavyoipa diski muda mfupi wa kumaliza kuandika baada ya umeme kukatika, na tofauti hiyo ni miongoni mwa sababu za bei yake kuwa juu.

Gharama ya hati pungufu ilionekana hadharani mwaka 2009. Mfumo mpya wa faili wa Linux, ext4, ulikuwa umetangazwa kuwa tayari kwa matumizi katika toleo la 2.6.28 la Desemba 2008, na watumiaji waliokatikiwa na umeme au ambao kompyuta zao ziliganda walikuta faili zao za mipangilio zimebaki na ukubwa wa sifuri. Mfumo uliotangulia, ext3, ulikuwa na tabia ya kuandika data za faili kabla ya kukamilisha maelezo yake kila baada ya sekunde 5, hivyo programu nyingi zilikuwa salama bila ya kuomba usalama. Mfumo wa ext4 huchelewesha hata uamuzi wa mahali pa kuweka data, jambo linaloongeza kasi, lakini linarefusha muda ambao faili haina chochote diskini. Theodore Ts'o, msimamizi wa ext4, alieleza kwamba programu zilizokosa kutumia fsync ndizo zilizokiuka kanuni. Wakati huohuo aliongeza marekebisho ya kuitambua mienendo ya kawaida ya programu hizo na kuilinda. Pande zote mbili zilikuwa na hoja. Kanuni iliandikwa, lakini tabia ya ext3 ilikuwa imewafundisha watu kanuni nyingine kwa miaka mingi, na hakuna hati iliyowaonya kwamba fundisho hilo lingekwisha.

Utaratibu salama wa kubadilisha faili, ambao tangu hapo umesisitizwa sana, ni huu: programu huandika yaliyomo mapya katika faili ya muda yenye jina jingine, huiombea fsync, hulibadilisha jina lake ili lichukue nafasi ya jina la faili ya zamani, kisha huiombea fsync saraka. Kubadilisha jina hutokea kwa mkupuo mmoja, hivyo anayefungua faili baada ya kompyuta kuwaka tena hukuta ya zamani iliyo kamili au mpya iliyo kamili. Kuufuata ni vigumu kuliko kuueleza. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Wisconsin–Madison walichunguza programu 11 zinazotumika sana, wakapata udhaifu 60 uliotokana na programu kutegemea tabia ambazo mifumo ya faili haikuziahidi.

Kisa chenye mafunzo makubwa zaidi, hata hivyo, ni cha mwaka 2018, na kinahusu PostgreSQL, programu huria ya hifadhidata, yaani programu ya kutunza rekodi kwa mpangilio, inayotumiwa na taasisi kubwa na ndogo duniani kote. Hifadhidata ya namna hiyo huandika kwanza kila badiliko katika daftari la mabadiliko na kuliombea fsync, ndipo humjibu mtumiaji kwamba muamala umekubaliwa. Baadaye huyahamishia mabadiliko kwenye faili kuu, huziombea fsync, na sehemu ya daftari iliyokwisha kazi hutupwa. Swali ambalo halikuwa limejibiwa vya kutosha ni hili: fsync ikirudisha kosa, je, programu inaweza kujaribu tena? Kwa takriban miaka 20 PostgreSQL ilidhani jibu ni ndiyo. Mwezi Machi 2018 mhandisi Craig Ringer aliwafahamisha wenzake kwamba Linux, baada ya kushindwa kuandika ukurasa na kutoa taarifa ya kosa, iliweza kuuhesabu ukurasa huo kuwa safi, ijapokuwa data yake haikuwa diskini. Jaribio la pili la fsync halikuwa na kitu cha kuandika, likafaulu, na hifadhidata ikatupa daftari ambalo ndilo lililokuwa na nakala pekee iliyo salama. Kufaulu kwa pili kulikuwa kwa uongo, na hakuna aliyekuwa amedanganya kwa makusudi.

Kilichofuata kinaonyesha jinsi kazi ya kuandika hati inavyoungana na kazi ya uhandisi. Tayari katika toleo la 4.13 la Linux la mwaka 2017, mhandisi Jeff Layton alikuwa amebadilisha namna Linux inavyohesabu makosa ya uandishi, ili kila aliyeifungua faili apewe taarifa ya kosa, na badiliko hilo likaingizwa katika ukurasa wa mwongozo wa fsync likiwa na nambari ya toleo. PostgreSQL nayo, katika matoleo yaliyotolewa Februari 2019, iliacha kujaribu tena: fsync ikishindwa, hifadhidata hujisimamisha yenyewe mara moja na kuanza upya kwa kusoma daftari la mabadiliko. Kujisimamisha kwaonekana kuwa ukali, lakini ndiyo njia ya uaminifu, kwa kuwa programu isiyojua tena kilichomo diskini haina haki ya kuendelea kujibu maswali ya wenye rekodi. Mwaka 2020 kundi jingine la watafiti wa Wisconsin lilizijaribu programu 5 pamoja na mifumo 3 ya faili, na kugundua kwamba hakuna mbinu hata moja kati ya zilizokuwa zikitumika iliyotosha kikamilifu fsync iliposhindwa.

Katika simu, ambazo kwa wakazi wengi wa miji ya Mlima Kenya ndizo kompyuta za kila siku, kazi kama hiyo hufanywa na SQLite, hifadhidata ndogo iliyoanzishwa na D. Richard Hipp mwaka 2000. Hati zake ni mfano bora wa uandishi wa ahadi. Zinaeleza kwamba katika mpangilio mmoja wa kasi, muamala uliokwisha kukubaliwa waweza kurudi nyuma umeme ukikatika, ingawa hifadhidata yenyewe haitaharibika. Na upo ukurasa mzima unaoorodhesha njia ambazo kwazo faili ya SQLite inaweza kuharibiwa, pamoja na diski zinazosema zimeandika kabla ya kuandika. Msomaji wa hati kama hizo hapewi faraja tupu, bali hupewa mipaka, na akishaijua mipaka anaweza kuamua. Vivyo hivyo, mwanafunzi anayenakili kazi yake kwenye flashi katika saiba hunufaika na uamuzi ulioandikwa na Microsoft kuanzia toleo la 1809 la Windows 10, kwamba vifaa vya kuchomekwa vitumie kwa kawaida mpangilio wa kuondolewa haraka, usiolimbikiza data katika kumbukumbu. Katika kompyuta yenye toleo la zamani zaidi au yenye Linux, kuchomoa flashi bila kuagana na mfumo kwanza bado ni kuhatarisha kazi.

Hati hizi zote huandikwa kwanza kwa Kiingereza. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice mwaka 2004 na kuonyesha kwamba menyu na amri za ofisi zinaweza kusemwa kwa Kiswahili kizuri; kazi ya kueleza mambo ya chini zaidi, kama vile lini data hufika diskini na nani anayedhamini, ni pana kuliko menyu na inastahili bidii hiyo hiyo, hasa katika nchi ambamo wanakamati wa vyama vya ushirika hununua mifumo ya kompyuta kwa niaba ya maelfu ya wanachama. Wanakamati hao hawahitaji kujua kuandika programu ili waulize maswali yanayofaa: je, karani huoneshwa kwamba rekodi imekubaliwa kabla au baada ya fsync kukamilika, diski ina kapasita au haina, fsync ikishindwa programu hufanya nini, na majibu hayo yameandikwa katika ukurasa gani wa hati za muuzaji? Muuzaji anayeweza kufungua ukurasa huo mbele yao ameshajibu sehemu kubwa.

Sehemu inayobaki hujibiwa kwa jaribio. Hati za PostgreSQL zinapendekeza programu ndogo ya Brad Fitzpatrick iitwayo diskchecker, ambayo huiandikia kompyuta moja data mfululizo huku kompyuta ya pili ikiweka hesabu ya kila kilichotangazwa kuwa kimefika diskini; katikati ya kazi waya wa umeme wa kompyuta ya kwanza hung'olewa, na ikishawaka tena hesabu mbili hulinganishwa. Jaribio hilo lahitaji kompyuta mbili na mtandao wa kuziunganisha, linaweza kufanywa katika ofisi yoyote ya chama kabla ya msimu wa kahawa kuanza, na linafaa kufanywa kwenye mashine ile ile itakayotumika, ikiwa na diski ile ile, kabla ya rekodi ya kwanza ya mkulima kuingizwa.